Mzee ana mlio masikioni mwaka wa 3, kaka anataka kuuza kiwanja ampeleke India kwenye mashine ya sumaku. Tusome kwanza

#1 BintiMsagaji (Jumamosi, saa 4 usiku)

Habari zenu wanajukwaa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa nao moyoni miezi kadhaa na najua humu wapo wenye mzazi au ndugu mwenye shida kama ya kwetu.

Baba yangu amesaga nafaka Tandale miaka 24. Mashine ya kwanza ilikuwa ya dizeli, baadaye wakafunga mota ya umeme, lakini kelele ni ileile. Aliyewahi kusimama kwenye foleni na sado yake ya mahindi anajua, pale watu wanaelewana kwa mikono. Mzee hakuziba masikio hata siku moja. Huu ni mwaka wa 3 tangu aanze kusema kuna kitu kinalia kichwani, kama nyenje wa mchana wa jua kali, na hakinyamazi. Mwanzoni tulidhani ni mafua. Zahanati moja wakampa matone ya sikio na vitamini, wakamwambia ni uzee, azoee.

Usiku ndio balaa. Tunaishi Mabibo, feni ya dari inawaka usiku kucha, na mzee anaitaka kwa sababu ya kelele yake, joto kwake ni jambo la pili. Umeme ukikatika saa 8 usiku, feni inapunguza mwendo, inakwaruza mara mbili tatu, inasimama. Hapohapo nasikia kitanda kinalia, mzee amekaa. Nyumba nzima kimya, na kwake ndiyo kelele imeanza. Ana redio ndogo ya betri, anaiweka katikati ya stesheni mbili, inakoroma shhhh mpaka adhana ya alfajiri.

Mwaka jana akabadilika. Aliacha kwenda kwenye bao. Chakula anakigusagusa tu, suruali zote zinamvuka. Ijumaa haendi tena msikitini, anasema imamu anaongea na yeye anasikia nyenje. Siku moja nampelekea chai akaniambia, "Mwanangu, ningelala moja kwa moja ningepumzika." Niliweka kikombe chini mikono ikitetemeka. Hapo ndipo nilipojua hii siyo shida ya masikio peke yake. Tulimpeleka kwa daktari kesho yake, akasema ana mlio wa masikio na ana sonona, vyote viwili, na kimoja kinachochea kingine.

Sasa kaka yangu mkubwa ameona video mtandaoni. Kuna mashine ya sumaku, unakaa kwenye kiti, wanakuwekea kichwani, mlio unaondoka na sonona inaondoka. Wakala wa kumpeleka India anataka milioni 4 za kuanzia, na kaka ameshatafuta mteja wa kiwanja cha Chanika. Mimi nimesomea maabara, siyo daktari, lakini kusoma utafiti naweza. Nimesoma wiki 3 na haya ndiyo niliyoyapata.

Mashine ipo kweli, siyo utapeli. Madaktari wanaiita TMS. Msingi wake ni wa mwaka 1831, pale Michael Faraday alipoonyesha kwamba sumaku inayobadilikabadilika inazalisha umeme kwenye waya. Na neva zetu zinafanya kazi kwa umeme. Mwaka 1985 pale Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili (waya uliozungushwa) juu ya kichwa cha mtu, wakapiga mpigo mmoja, vidole vya mkono wa upande wa pili vikaruka vyenyewe. Fuvu halikufunguliwa, sindano hakuna. Nguvu ya sumaku ya mpigo ni kama tesla 1.5 hadi 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kiwango cha zile mashine za MRI za kupiga picha ndani ya mwili, ila unadumu chini ya sekunde moja kwa mbali sana, na unafika sentimita 2 au 3 tu ndani ya kichwa.

Kwa SONONA ushahidi ni mzuri. Miaka ya katikati ya 1990 watafiti kama Mark George na Alvaro Pascual-Leone walianza kupiga mipigo mfululizo sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto, sehemu ambayo kwa wengi wenye sonona inakuwa imezubaa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu tiba hiyo kwa watu wazima ambao dawa hazikuwasaidia. Mgonjwa anakaa macho, hapewi nusu kaputi, akimaliza anarudi nyumbani kwa miguu yake. Ila ni siku 5 kwa wiki, wiki 4 mpaka 6. Kikao cha zamani kilikuwa dakika 37 na nusu. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walilinganisha na mtindo mpya wa dakika 3 kwa wagonjwa 414, wakakuta wa dakika 3 haupitwi. Takribani nusu ya wagonjwa sonona ilipungua kwa nusu au zaidi, na karibu watu 3 kati ya 10 iliwaondoka. Na hawa walikuwa watu ambao dawa zilishagoma.

Kwa MLIO WA MASIKIO mambo ni mengine, na hapa ndipo naomba msome polepole.

Kelele ya miaka mingi inaua vinyweleo vidogo ndani ya sikio, na vikifa havioti tena. Ubongo unakosa sauti uliyozoea kupokea, basi unaongeza sauti wenyewe, kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali na kufungulia redio mpaka mwisho, anachopata ni mkoromo. Madaktari wengi wanaamini mlio unatengenezwa hivyo, na ndiyo maana wengine hata wakikatwa mshipa wa kusikia mlio unabaki. Wazo likawa, tupige mipigo ya taratibu, 1 kwa sekunde, kwenye sehemu ya ubongo inayosikia, tuitulize. Kundi la Regensburg, Ujerumani, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kulijaribu, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mwaka 2015 hospitali ya maveterani (wanajeshi wa zamani) ya Portland, Marekani, walitoa majibu ya wagonjwa 64. Nusu walipata mashine ya kweli, mipigo 2,000 kwa siku, siku 10 za kazi. Nusu walipata mashine bandia, inalia vilevile ila sumaku haifiki kichwani. Kwa mashine ya kweli walipata nafuu 18 kati ya 32. Bandia, 7 kati ya 32. Ukiishia hapo unauza kiwanja leo.

Lakini mwaka 2017 Wajerumani walitoa majibu ya utafiti mkubwa zaidi, hospitali kadhaa kwa pamoja, zaidi ya wagonjwa 140. Mashine ya kweli haikuishinda bandia. Na mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 ulishasema isitumike kama tiba ya kawaida ya mlio.

Tazameni tena wale 7 wa Portland. Watu 7 walipata nafuu kwa mashine ambayo haikuwafanya kitu. Kila mmoja wao angeweza kurekodi video na kusema ukweli wake kabisa. Kwa hiyo ushuhuda wa video, hata mtu akilia machozi, hautoshi kuuza urithi wa familia.

Ninachomwambia kaka ni hiki: hizo ni tiba mbili, zina ushahidi wa aina mbili, na wakala amezifunga kwenye fungu moja. Baba yetu hajameza hata kidonge kimoja cha sonona. Hajapimwa usikivu hata mara moja. Tunawezaje kuanzia India?

Mwenye uzoefu aongee, hata wa kunipinga.

#2 Kijana_Buguruni

Pole sana dada, nimesoma mpaka mwisho. Hilo la feni kuzimika limenigusa, mimi ni vilevile ila nina miaka 31. Mlio wangu ulianza nilipolazwa kwa malaria kali nikawekewa dripu ya kwinini. Ukapungua, ila sikio la kushoto halijarudi sawa. Je, na mimi ni wa sumaku?

#3 Nesi_Asha

BintiMsagaji hongera kwa kusoma. Nipo kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, mkoa huuhuu wa Dar, niongezee machache.

Kabla ya kufikiria mashine yoyote, mtu achunguzwe sikio. Kuna wanaokuja wameshahangaika miaka, ukichungulia unakuta nta imeziba, ikitolewa anashangaa. Muulizwe na dawa. Kwinini inaleta mlio, mara nyingi unapita dawa ikiisha. Aspirini kwa dozi kubwa nayo. Ila sindano kama jentamaisini, streptomaisini na kanamaisini, hizi mbili za mwisho zilitumika sana kwenye TB, zinaweza kuua usikivu moja kwa moja. Usiache dawa ya TB kwa kusoma uzi, mwambie daktari wako mlio umeanza lini, atajua cha kubadilisha.

Na wewe wa Buguruni nisikilize vizuri. Mlio wa sikio MOJA tu, au unaodunda sawasawa na mapigo ya moyo, huo usikae nao nyumbani, upimwe. Na mtu yeyote humu akiamka asubuhi sikio moja limezima ghafla, hiyo ni dharura. Siyo ya kusubiri mwisho wa mwezi. Kuna dawa za kupewa siku za mwanzo, na kila siku inayopita nafasi inapungua.

Kuhusu hiyo mashine, yenyewe inapiga kelele. Kila mpigo unalia tak, na ni maelfu ya mipigo. Mgonjwa lazima azibwe masikio, vinginevyo unamwongezea aliyonayo. Wenye chuma kichwani, klipu za mishipa ya ubongo, au wale waliopandikizwa vifaa vya kusikia, mashine hiyo hawaisogelei. Muhimbili walianza upandikizaji huo mwaka 2017, kwa hiyo wagonjwa hao tunao mitaani. Mwenye kifafa naye aseme mapema, maana degedege inaweza kutokea wakati wa tiba. Ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000, lakini ipo. Kinachosumbua wengi ni maumivu ya kichwa na ngozi ya pale koili inapokaa.

#4 Mzee wa Kinyerezi

Binti yangu, nakuombea kheri kwa mzazi wako. Mimi ni mtu mzima, nimeona watu wanasikia sauti na haikuwa sikio wala ubongo. Mmemsomea?

#5 BintiMsagaji

Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, tumemsomea, na kila Alhamisi mama anaendelea. Amani anaipata saa ile, mlio unabaki. Hatujaacha dua, tunaongeza na hospitali. Anachosikia ni mlio tu, hakuna maneno wala mtu anayemwamrisha, daktari alimuuliza hilo mwanzo kabisa.

#6 Kariakoo_Ndani

Sasa kama ni sumaku, pale Msimbazi na Kongo kuna bangili za sumaku, na nyingine za kubandika nyuma ya sikio, bei haizidi elfu 30. Kwa nini mzee asianze na hizo? Shemeji yangu anaivaa ya mgongo.

#7 BintiMsagaji

Mkuu hili ni swali zuri na naomba wengi walione jibu. Alichoonyesha Faraday ni kwamba sumaku lazima IBADILIKE ndipo umeme uzalike. Sumaku iliyotulia, hata uibandike mwaka mzima, haiamshi neva hata moja. Chukua sumaku ya spika iliyoharibika, iweke kichwani, vidole havitaruka. Ile mashine inasukuma umeme mkubwa kwenye koili na kuukata ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, ndiyo maana ni kubwa kama friji ndogo na inapata moto. Bangili na mashine hiyo wanashirikiana jina tu. Shemeji aendelee nayo kama inampa faraja, lakini elfu 30 ya mzee wangu ni nauli ya kliniki.

#8 NilipitaHuko

Sijawahi kuandika hili popote. Mimi nilikaa na sonona miezi 8, Mbagala, chumba kimoja, mapazia yamefungwa. Kazini walidhani naumwa tumbo. Wifi yangu ndiye aliyenishika mkono mpaka kliniki ya afya ya akili. Nilipewa vidonge, wiki 2 za kwanza niliona vinaniongezea shida, kinywa kikavu, usingizi wa ajabu. Mshauri akaniambia vumilia, vinaanza kushika wiki ya 4 kwenda ya 6. Wiki ya 5 nikasikia harufu ya vitumbua asubuhi na nikatamani kula. Ni kitu kidogo, lakini nilikaa kitandani nikalia.

Dada, mzee aliyesema "ningelala moja kwa moja" asibaki peke yake usiku. Dawa zake na za panya zisikae karibu. Na muulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa nafasi ya kusema. Mimi nilisubiri mtu aniulize miezi 8.

#9 Hamis_Chanika

Mimi ndiye kaka anayesemwa. Uzi nimetumiwa na mtu wa kazini, hakujua ni kwetu.

Sijakasirika. Ila mjue na upande wangu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nilisomeshwa na ile mashine ya kusaga. Kila gunia lililopita pale lilikuwa ada yangu. Nikiambiwa kuna kiti mahali fulani duniani mzee akikaa anapona, nisimame niseme subiri tusome utafiti? Nikilala pale nyumbani na mimi nakisikia kitanda. Kama siuzi kiwanja, niambieni nifanye nini. Lakini mniambie kitu cha kufanya Jumatatu, siyo cha kuwaza.

#10 BintiMsagaji

Kaka shikamoo. Nisamehe kwa kuanzia huku kabla ya kukaa na wewe, niliogopa tungegombana mbele ya baba.

Jumatatu hii: mpeleke kliniki ya masikio apimwe usikivu, rufaa ninayo kwenye mkoba. Alhamisi mimi naenda naye kwa daktari wa akili. Mlio wenyewe hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuuzima, hata mwongozo ule wa Marekani unasema ginkgo, zinki na melatonini zisipendekezwe, na hizo ndizo wakala amekuandikia. Lakini kwa mtu aliyepungukiwa usikivu, shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti, inasaidia, na tiba ya mazungumzo inapunguza ile karaha ya mlio hata kama mlio wenyewe upo. Sonona ikitibiwa, mlio unaweza kupungua makali. Baada ya hapo, kama dawa ya kwanza na ya pili zitagoma, mimi mwenyewe nitakuja Chanika tuongee kuhusu sumaku, na tutamuuliza daktari wake swali moja: ni kwa ajili ya sonona? Akisema ndiyo, nitakuwa upande wako.

#11 Hamis_Chanika

Jumatatu nampitia saa 12 na nusu. Asiwe amekunywa chai nyingi, foleni ni ndefu.

#12 Nesi_Asha

Anywe tu chai yake, kipimo cha usikivu hakihitaji kufunga. Aje na orodha ya dawa zote alizowahi kutumia, hata za sindano za zamani.

#13 BintiMsagaji (wiki 9 baadaye)

Mrejesho kama mlivyoomba, na samahani kwa kuchelewa.

Nta ilikuwepo sikio la kulia, ikatolewa, mlio haukubadilika. Kipimo kikaonyesha masikio yote mawili yamepoteza sauti za juu, zile nyembamba, ule mchoro unashuka upande wa kulia kama ngazi. Mpimaji alimwekea mzee sauti kwenye hedifoni, akawa anaipandisha kidogo kidogo mpaka mzee akainua mkono akasema, "Hiyo! Ndiyo hiyo ninayoisikia." Akamgeukia kaka. Miaka 3 hakuna aliyewahi kuisikia zaidi yake. Kaka akaomba aisikilize na yeye. Alivaa hedifoni, akakaa nazo kama dakika moja, akazivua bila kusema neno. Kwenye bajaji hawakuongea mpaka Ubungo.

Shimesikio ya kwanza kaka ameinunua kwa hela aliyokuwa anamkusanyia wakala. Ya pili tunajichanga. Siku 10 za mwanzo mzee aliivua kila saa, anasema vijiko vinampigia kelele. Sasa anaivaa mchana.

Kwa sonona yuko wiki ya 7 ya vidonge, na kila baada ya wiki 2 anakaa na mshauri. Daktari tulimuuliza kuhusu sumaku. Akasema kwa sonona anaijua na anaiheshimu, ila ni kwa mgonjwa ambaye dawa zimegoma, na baba dawa ya kwanza imeanza kumshika. Kwa masikio akasema asingempeleka mzazi wake. Kaka alikuwepo, akaliandika kwenye simu.

Anakula. Juzi alikwenda kwenye bao, hakucheza, alitazama tu akarudi. Ijumaa iliyopita alikaa safu ya mbele karibu na spika.

Mlio upo. Nisiwadanganye. Jumanne umeme ulikatika saa 9 usiku, feni ikasimama, nikasikia kitanda. Akawasha redio, ikakoroma. Zamani ingeenda mpaka alfajiri. Safari hii haikupita nusu saa nikaisikia inazimwa, kisha kikohozi chake, kisha kimya. Nilibaki macho mimi.

NilipitaHuko, lile swali tulimuuliza waziwazi kama ulivyosema. Alinyamaza muda, akajibu, na tukayapeleka majibu yake kwa daktari siku ileile. Asante sana.

Kijana_Buguruni, wewe ulipimwa lile sikio la kushoto?

#14 Kijana_Buguruni

Bado dada. Nimepata tarehe, ni Jumatano ijayo.